Kutembelea mchanga wa Maziwe, Ushongo na Madete: mwongozo kamili kwa anayeanzia Tanga

Mwambie mtu wa Dar kwamba unakwenda Pangani kuangalia mchanga, atakuuliza kama umekosa kazi. Mchanga si upo Kigamboni? Si upo hata kwenye lori la fundi ujenzi? Simlaumu. Vilima vya mchanga vya pwani yetu si kama vile vya Namibia ambavyo mtu anavipanda nusu siku huku akihema. Vya huku vingi havifiki hata paa la nyumba ya makuti, na vingine vinakoma kiunoni. Ukipita haraka utaviona ni ukingo tu wa ufukwe, mahali pazuri pa kutandika mkeka, na hapo ndipo uharibifu unapoanza.

Mwongozo huu unahusu sehemu tatu zinazotembeleka kwa safari moja ya siku tatu au nne. Ya kwanza ni fungu la Maziwe, baharini mbele ya Pangani. Ya pili ni ufukwe wa Ushongo, kusini mwa mto Pangani. Ya tatu ni Madete, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Ziko karibu karibu, lakini kila moja ina wenyewe na taratibu zake. Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Kwa safari hii usiufuate. Ukija na kuondoka siku hiyo hiyo utaishia kuona vumbi la barabara.

Kabla ya yote, kisa cha Maziwe

Wazee wa Pangani wanaikumbuka Maziwe ikiwa kisiwa chenye miti. Kulikuwa na mivinje, wavuvi walipumzika kivulini, na kasa walipanda kutaga kwa wingi kiasi kwamba mwaka 1975 serikali ilikitenga kisiwa ili walindwe. Aina tatu za kasa zilitaga pale. Kisha miti ikaisha, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kisiwa chenyewe kilikuwa kimekwisha. Kilichobaki ni fungu la mchanga mweupe linalotokeza maji yakipwa na kuzama maji makubwa ya bamvu yakijaa.

Wataalamu wanataja sababu zaidi ya moja, zikiwamo mikondo na mabadiliko ya bahari yenyewe, lakini ukataji wa miti haukosi kwenye orodha. Mchanga hauna gundi. Unakaa mahali kwa sababu kuna mzizi umeushika na jani limeupunguzia upepo. Ukiondoa hivyo viwili, mawimbi na upepo wa kusi vinafanya kazi iliyobaki. Kisa hiki nakiweka mbele kwa sababu masharti mengi utakayopewa huko, usikanyage hapa, usiwashe moto pale, yataonekana ni usumbufu mtupu kwa mtu asiyejua kwamba kisiwa kizima kilishawahi kwenda hivyo hivyo.

Hatua ya 1: Panga siku kwa mwezi wa angani

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Pwani ya Tanga maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 wakati wa bamvu, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kama una kalenda ya Kiislamu nyumbani kazi imekwisha. Tazama mwezi 1 na mwezi 15, yaani siku ya kwanza na ya kumi na tano ya mwezi huo, ongeza siku mbili mbele, hizo ndizo siku za bamvu. Mwezi 7 au 8, na mwezi 22 au 23, ni maji mafu, ambapo bahari haipandi sana wala haishuki sana.

Kwa pwani yetu kuna kanuni ambayo kila mvuvi anayo kichwani. Siku za bamvu maji hupwa kabisa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 jioni. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Maana yake, ukienda Maziwe mwezi 15 utalikuta fungu kubwa asubuhi, na kufikia alasiri hakuna mahali pa kuweka mguu. Ukienda mwezi 8 mambo yanageuka. Maji yanajaa asubuhi na kupwa alasiri, fungu ni dogo zaidi lakini halizami kwa kasi ile.

Mimi napendelea mwezi 15 hadi 17. Unaondoka Ushongo saa 2 asubuhi, unafika jua halijawa kali, unapata saa mbili tatu za mchanga mkavu, kisha unarudi na maji yanayojaa, ambapo boti inaingia hadi karibu na ufukwe bila kugonga jiwe.

Upande wa msimu, epuka masika, kuanzia Machi hadi Mei. Bahari si tatizo kubwa kama barabara, kwa sababu udongo mweusi wa upande wa Saadani ukilowa unameza gari. Kusi la Juni hadi Agosti huleta anga safi na baridi nzuri, lakini mchana bahari huchafuka na watu wasiozoea hutapika. Kaskazi, Desemba hadi Februari, ni joto kali na maji maangavu. Kipindi kitamu zaidi ni tanga mbili, pepo zinapobadilishana na bahari kulala kama ziwa, na hasa tanga mbili za Oktoba na Novemba, ilimradi vuli isiwe imeanza kwa nguvu.

Hatua ya 2: Vibali na malipo

Maziwe iko chini ya taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi za bahari na maeneo tengefu. Kuna kiingilio. Mara nyingi mwenye boti au nyumba ya wageni ya Ushongo ndiye anayekushughulikia, ila mwombe akuonyeshe stakabadhi. Boti inayokupeleka "kwa bei ya kirafiki" bila stakabadhi inakula fedha ya mlinzi.

Madete ni ya TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa, kwa kuwa Saadani ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na kabla ya hapo ilikuwa pori la akiba kuanzia miaka ya 1960. Langoni hawapokei fedha taslimu. Lipa kwa namba ya malipo kupitia simu au kadi, na ulipe mapema mtandao ukiwa mzuri, maana huko ndani simu inashika inavyotaka. Chukua kitambulisho cha taifa. Mtanzania analipa sehemu ndogo tu ya anacholipa mgeni wa nje, lakini lazima uthibitishe kwamba ni Mtanzania. Watoto wa chini ya miaka 5 hawalipi. Kibali huhesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo ukiingia saa 4 asubuhi unaweza kulala na kutoka kesho yake kabla ya saa 4 bila kulipa kiingilio cha pili. Malango hufunguliwa saa 12 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni.

Ushongo ni kijiji, hakuna lango. Adabu ndiyo kibali. Ukitaka kupita nyuma ya nyumba za watu kuelekea ufukweni, piga hodi.

Hatua ya 3: Kufika

Kutoka Tanga mjini hadi Pangani ni kama kilomita 45 kwa njia ya pwani, na magari ya abiria yapo. Pangani mji uko kaskazini mwa mto, Bweni iko kusini, na Ushongo ni kama kilomita 15 mbele ya Bweni. Barabara ya Tanga, Pangani hadi Bagamoyo na daraja la mto Pangani ni kazi ambazo zimebadilisha mambo sana huku, kwa hiyo siku moja kabla piga simu unakofikia uulize wanavuka vipi wiki hiyo. Bila gari, bodaboda kutoka Bweni inakufikisha Ushongo. Patana bei kabla hujapanda, na mwambie dereva kama una begi kubwa, si umshtukize nalo.

Kwenda Madete kutoka Ushongo unashika njia ya kusini kupita upande wa Kipumbwi na Mkwaja. Anayetokea Dar anaweza kuingia Saadani kwa kupitia Chalinze na Mandera. Gari iwe ya juu, na masika iwe ya kuvuta magurudumu yote manne au usiende.

Kuhusu kunasa mchangani nina uzoefu nisiojivunia. Nilinasa nyuma ya Ushongo na gari la kuazima. Nikakanyaga mafuta, gurudumu likajichimbia kaburi, nikakanyaga zaidi. Vijana waliokuwa wanatengeneza nyavu waliniangalia kwa muda, kisha mmoja akaja na kuniambia, "Kaka, zima kwanza." Akatoa upepo kwenye tairi zote nne hadi zikatanuka chini kama nyayo za ngamia, kiasi cha PSI 18 hivi kwenye kipimo, tukafukua mchanga mbele ya magurudumu, gari likatoka kwa upole kabisa kwa gia ya pili. Kwa hiyo uwe na kipimo cha upepo, koleo dogo, na pampu ya kujazia tena ukifika barabara ngumu. Na ujue kwamba kosa langu la kwanza lilikuwa kutoka kwenye njia iliyopo. Gari likipita juu ya kilima cha mchanga linakata mizizi ya miaka mingi kwa dakika moja. Kwenye ufukwe wa kasa ni baya zaidi, kwa kuwa mayai yako chini na alama za magurudumu ni mahandaki ambayo kifaranga akitumbukia hatoki.

Hatua ya 4: Vitu vya kubeba

Maziwe haina mti hata mmoja. Kofia, nguo ya mikono mirefu, na maji lita 2 kwa kila mtu ni vya lazima. Kanga mbili zinafaa kuliko mwavuli, ambao upepo utauchukua. Viatu vya kuingia navyo majini ni muhimu kwa sababu kuna vile viumbe vya miiba mirefu myeusi, na mwiba wake ukivunjikia unyayoni safari imekwisha. Miwani ya kuzamia unaweza kukodi.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019, na hifadhini wanakagua. Chakula kiweke kwenye hotpoti au kapu. Wali wa nazi na samaki wa kupaka vinakaa vizuri hadi mchana, maembe yakatwe kabisa nyumbani ili usiache kokwa huko. Kama una tochi, iwe yenye mwanga mwekundu au ifungwe kitambaa chekundu, sababu nitaieleza kwenye kasa.

Hatua ya 5: Kusoma mchanga

Anza Ushongo, jioni, jua limelegea. Simama pale maji yanapoishia, kisha tembea kuelekea nchi kavu kwa hatua ndogo ndogo ukiangalia chini.

Kwanza utakuta ukanda wa taka za bahari, majani makavu ya nyasi za baharini, vipande vya mwani, gome la nazi, na kwa bahati mbaya chupa. Chupa iokote. Majani yaache, hata kama mwenye hoteli fulani anayafagia kila asubuhi ili wageni wapige picha. Upepo ukibeba mchanga na kukutana na hilo rundo, mchanga unaanguka hapo. Kilima cha kesho kinaanzia kwenye takataka hizo. Chunguza nyuma ya jani moja tu lililosimama na utaona mkia mdogo wa mchanga, mrefu kama kidole, umelala upande wa pili wa upepo. Kilima kizima ni mkia huo huo uliopewa miaka.

Mbele kidogo utaona mmea unaotambaa, wenye maua ya zambarau yanayofunguka asubuhi na majani yaliyogawanyika mithili ya kwato ya mbuzi. Huo ndio askari wa mstari wa mbele. Unavumilia chumvi, unavumilia kufunikwa, na kila unapofunikwa unatoa mizizi mipya kwenye vifundo vyake na kupanda juu ya mchanga uliouzika. Fuata kamba yake moja kwa macho. Nimewahi kuhesabu hatua kumi na mbili bila kufika mwisho wake.

Nyuma yake ndiyo yanakuja majani magumu yenye ncha, vichaka, mikadi yenye mizizi ya juu kama miguu ya kiti, kisha mivinje na minazi. Kila ukanda unaukinga wa nyuma yake. Mnazi unaouona umesimama vizuri haukujikinga wenyewe na chumvi.

Chimba kwa kidole mahali ambapo hapana mmea. Juu mchanga ni mkavu na wa moto, lakini urefu wa kidole kimoja chini ni baridi na una unyevu. Ubaridi huo ndio unaowaweka hai kaa wa mchanga mchana kutwa. Utaona matundu yao na mchanga uliotupwa nje kwa upande mmoja. Ukisimama kimya dakika tano watatoka, macho yamesimama juu kama vijiti vya kiberiti. Watoto wanapenda kuwakimbiza. Waache wakimbize chini ya mstari wa maji kujaa, juu hapana.

Kosa langu la pili, na hili lilikuwa la zamani zaidi, lilitokea hapo hapo. Nilikuwa na wadogo zangu, tukang'oa ule mmea wa kutambaa tupate kamba ya kuvutana. Bibi mmoja alikuwa anarudi kutoka kuchokoa pweza, chuma begani, kapu mkononi. Tukamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitikia marahaba, kisha akasimama.

"Wajukuu zangu, hiyo mnayovutana mmeitoa wapi?"

Tukamwonyesha.

"Na ile nyumba pale nyuma mnaiona? Ni yangu. Haya, irudisheni."

Tukairudisha, tukaifukia kwa mikono huku yeye amesimama, na hakuondoka mpaka tumemaliza. Sijui kama ilishika. Lakini tangu siku hiyo sijawahi kutandika mkeka juu ya majani yale.

Kwa hiyo kanuni ya kutembea ni rahisi. Tembea kwenye mchanga mtupu uliolowa. Ukitaka kuvuka kwenda nchi kavu, tafuta njia ambayo wanakijiji wameshaipita na uishike hiyo hiyo, hata kama inazunguka. Njia moja iliyokanyagwa kilima kinaivumilia. Njia ishirini za kila mtu na yake zinafungua matundu, upepo unaingia humo na kuchimba kama panya ghalani. Moto usiwashe juu ya kilima, na mivinje isikatwe hata tawi kavu. Kujenga ndiyo kabisa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Ukipita huku utaona mwenyewe ni wangapi wamepima vizuri.

Hatua ya 6: Siku ya Maziwe

Boti ya mashine kutoka Ushongo inafika chini ya saa moja bahari ikiwa tulivu. Kabla hujapanda hesabu majaketi ya kuokolea, si kwa macho, kwa kidole. Muulize nahodha swali moja tu: "Maji yanageuka saa ngapi?" Akijibu mara moja, panda. Akianza kuangalia simu, tafuta mwingine.

Ukishuka, chota mchanga kiganjani na uangalie kwa kamera ya simu, uvute karibu. Mchanga wa Maziwe umetokana na matumbawe, makombe na miani yenye chokaa, vyote vimesagwa na bahari. Utaona vipande vya waridi, vyeupe, vingine vina matundu madogo. Weka kidogo kwenye karatasi, andika "Maziwe", ukifika Madete linganisha kwa macho, kisha uurudishe baharini kabla ya kuondoka fukweni. Nitakuambia utakachoona huko.

Matumbawe yanayozunguka fungu ni mazuri, ila usisimame juu yake. Usiokote kombe, hata lililokufa, kwa kuwa hilo ndilo mchanga wa kesho na pia nyumba ya kaa mhamaji. Ndege wakiwa wametua kwenye ncha moja ya fungu, shakwe na chekeamwezi, nendeni ncha nyingine. Wamechoka kuliko ninyi, baadhi wametoka mbali sana.

Muda wa kuondoka ni wa nahodha. Safari moja nilikuwa na wageni waliotaka dakika kumi zaidi za picha, maji yameshaanza kuingia. Nikamwomba mzee aliyetupeleka. Hakubishana. Alichukua kasia, akalisimika mchangani pale maji yalipokuwa yakilamba, akakaa chini. Dakika kumi hazikuisha kasia likawa limesimama kwenye maji ya magoti. Wageni walipanda boti wenyewe bila kuambiwa.

Kasa bado hupanda Maziwe. Hawajui kama kisiwa kimekwisha. Shida ni kwamba kiota chochote pale kitazama bamvu likija, na mayai yakilowa maji ya chumvi yanakufa. Ndiyo maana walinzi wa kasa wa vijijini, wakisaidiwa na shirika la Sea Sense, wamekuwa wakihamishia mayai Ushongo na kuyafukia tena mahali salama. Kazi hiyo ina ufundi wake. Yai linabebwa bila kugeuzwa juu chini, kwa sababu saa chache baada ya kutagwa kiinitete hujishika upande wa juu wa ganda, na ukiligeuza unakiua. Ukiona kiota, usiguse. Mwite mlinzi.

Hatua ya 7: Kuona kasa wakianguliwa

Kiota cha kasa wa kijani huwa na mayai kama 100 au zaidi, na hukaa mchangani siku 50 hadi 60. Joto la mchanga ndilo linaloamua wawe majike au madume. Mchanga wa moto hutoa majike, wa baridi hutoa madume, na kwa hiyo hata kivuli cha mti juu ya kilima kina kazi usiyoifikiria.

Walinzi huandika tarehe ya kila kiota, kwa hiyo wanaweza kukadiria siku ya kuanguliwa. Ulizia kwenye nyumba za wageni za Ushongo ukifika tu. Kuna mchango wa kulipa, na sehemu yake hurudi kijijini. Lipa bila kulalamika. Mtu anayepata fedha kwa kasa hai hana haja ya kumla.

Kaeni upande, si kati ya kiota na bahari. Vifaranga huifuata sehemu yenye mwanga zaidi, ambayo kwa kawaida ni bahari. Ukiwasha tochi au mwanga wa simu, wanakugeukia wewe. Usiwabebe kuwasaidia. Kutambaa kule ndiko kunakowaandaa. Baadhi wataliwa na kaa na ndege mbele ya macho yenu, na mtoto mmoja kwenye kundi atalia, kwa hiyo mzungumze mapema.

Hatua ya 8: Madete

Huku mambo ni mengine. Saadani ndipo nyika inapokutana na Bahari ya Hindi, na Madete ni moja ya fukwe ambako kasa wa kijani hutaga upande wa Bara. Ufukwe ni wenu na wanyama. Tembo hushuka, simba wapo, kwa hiyo usitoke kwenye gari na kutembea peke yako hata kama huoni kitu. Omba askari wa hifadhi mwenye silaha. Kutembea kwa miguu kuna malipo yake, na ni fedha nzuri kabisa kuitumia, kwa sababu yeye ndiye anayejua alama.

Njoo alfajiri. Mchanga ukiwa bado umenyooka unasomeka kama gazeti. Njia ya kasa aliyepanda usiku ni pana, ina michoro ya pande mbili kama tairi la trekta, na mara nyingi utaiona ikienda na ikirudi. Ikiisha kwenye shimo pana lililovurugwa karibu na majani ya kilima, hapo ametaga. Patazame kwa mbali. Pembeni yake kunaweza kuwa na nyayo za ngiri au nyegere, na hiyo si habari njema kwa mayai.

Sasa toa ile karatasi yako. Mchanga wa Madete ni wa kahawia hafifu, chembe zake ngumu na zinazong'aa kama vigae vya kioo. Huu umetoka bara, umeshushwa na mito, Pangani kwa kaskazini na Wami kwa kusini. Mahali fulani utaona michirizi myeusi kama mtu amemwaga baruti. Ni madini mazito ambayo mawimbi yameyaacha baada ya kuchukua yaliyo mepesi. Ukiwa na sumaku, ipitishe juu yake ikiwa imefungwa kwenye karatasi na uone chembe zitakazosimama. Kisha zipanguse zirudi chini.

Hapa pia ndipo utakapoona kilima ambacho hakijaguswa. Hakuna mikeka, hakuna njia, hakuna taa. Ule mmea wa kutambaa unashuka karibu kufikia maji yenyewe, jambo ambalo Ushongo huwezi kuliona tena. Mimi huwa namwomba askari tukae hapo robo saa bila kuongea. Wengine wanaona ni kupoteza muda, na wana haki yao.

Ukibakiwa na nafasi, pita kijiji cha Saadani. Bwana Heri aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1889 alikuwa wa hapo. Safari ya boti mdomoni mwa Wami kuona viboko na mamba ni nusu siku nyingine.

Hatua ya 9: Kuondoka

Toka ndani mapema kuliko unavyodhani, saa 9 alasiri iwe mwisho, kwa sababu njia ya kaskazini ina mchanga na lango halimsubiri mtu.

Kabla ya kupanda gari au boti, kung'uta mikeka na viatu hapo hapo ufukweni, na kagua mifuko ya watoto. Daima kuna kombe. Safari ya mwisho binti wa dada yangu alikuwa nayo matatu, moja akiwa amelificha ndani ya soksi, na moja kati ya hayo lilianza kutembea kitini tukiwa tumeshafunga milango. Tukazima gari, tukarudi naye hadi pale maji yanapoishia, akamweka chini kaa aliyekuwa ndani ya kombe, akachuchumaa kusubiri atoe miguu. Tulichelewa dakika ishirini.